Saa ya Jeshi Husomwa Mgongoni

Wanangu, wengi wenu siku hizi mmeingiwa na mapenzi ya saa za mkono za zamani zilizotolewa na majeshi, hasa lile la Waingereza. Simkatazi mtu. Ni mapenzi ya heshima, yanamfunza kijana historia na subira. Lakini yanakula fedha, na wauzaji wake wana ndimi tamu, kwa hiyo nisikilizeni kabla hamjafungua mifuko.

Kwanza, igeuze saa. Kijana hutazama uso. Mjuzi hutazama mgongo. Saa iliyokuwa mali ya serikali ya Uingereza imechorwa alama ya mshale, vistari vitatu vinavyokutana kwenye ncha, alama ileile ambayo kwa karne nyingi ilitiwa kwenye mizinga na hata kwenye miti iliyotengwa kwa milingoti ya manowari. Pamoja nayo kuna namba, na namba hizo hazikuwekwa ovyo. Chukua saa ya Smiths iliyotengenezwa Cheltenham mwishoni mwa miaka ya 1960. Utasoma W10, halafu 6645, halafu 99. W10 ni jeshi la nchi kavu, 6645 ni fungu la vyombo vya kupimia wakati katika orodha ya vifaa vya NATO, na 99 ni Uingereza yenyewe. Tarakimu mbili za mwisho, baada ya mkwaju, ni mwaka: 68 ni 1968. Saa ya wanamaji huanza na 0552, ya wanahewa 6BB. Basi mtu akikushikisha saa ya W10 huku akikuapia kwamba ilivaliwa angani na rubani, mrudishie saa yake kwa adabu.

Uongo unaouza zaidi ni wa Vita vya Pili vya Dunia. Serikali ya Uingereza iliagiza saa kutoka viwanda kumi na viwili vya Uswisi, zote zenye uso mweusi na akrabu ndogo ya sekunde chini ya uso, mahali pa namba 6, zote zimeandikwa W.W.W. mgongoni. Omega wamo, Longines wamo, na Grana ndiyo adimu kuliko zote. Saa hizo zilikabidhiwa mwaka 1945. Wanajeshi walishuka pwani ya Normandy tarehe 6 Juni 1944. Hesabuni wenyewe, kisha mkumbuke kuna watu wazima wenye akili zao wanaolipa nyongeza kubwa kwa sababu wameambiwa saa hiyo ilitoka Normandy.

Msikimbie uso uliobadilishwa, ila ujulikane umebadilishwa. Mafundi wa jeshi walikuwa wakirudisha saa kazini, si kuzitunza kwa ajili yetu. Zile za 1945 ziling'aa gizani kwa radiamu, na baadaye nyingi zilipewa uso mpya wenye tritiamu, ukiwa na herufi T ndani ya duara. Uso huo nao ni sehemu ya maisha ya saa. Kinachonichukiza mimi ni uso uliopakwa juzi kisha ukauzwa kwa jina la ukongwe.

Na hapa nasema kwa uzito. Msifungue wenyewe saa ya radiamu. Mwanga wake umekufa kwa sababu dawa inayong'aa imechoka, lakini radiamu yenyewe huchukua miaka 1,600 kupungua nusu. Vumbi lake likiingia mwilini hukaa mifupani. Baadhi ya wasichana waliopaka nyuso za saa kule Orange, New Jersey, wakinoa brashi kwa midomo, waliozewa na mataya na kufa wakiwa vijana. Saa ikiwa imefungwa, kioo kizima, itazameni. Ikihitaji kufunguliwa, mpelekeeni fundi anayeijua kazi hiyo, na msiivae kitandani.

Fundi huyo mwambieni pia asiing'arishe. Msasa ukipita mara mbili tatu, mshale unafifia na namba zinafutika, na saa isiyosomeka mgongoni imepoteza ushahidi wake. Mikwaruzo iacheni. Vijiti vya kushikia mkanda katika saa nyingi hizi vimechomelewa visichomoke vitani. Msikubali vikatwe ili uingie mkanda wa ngozi wa madukani. Mkanda wa kitambaa unaopitishwa chini ya saa unatosha, na ndio wake.

Neno moja kwa wenye babu waliokuwa King's African Rifles (KAR) na kupigana Burma. Huenda kabatini kwenu imo saa ya zamani, na nyumba nzima inaamini ilitoka jeshini. Itazameni kwa upole. Saa za serikali hazikupewa kila askari, na aliyepewa alitakiwa kuirudisha. Msipoona mshale, pengine mzee aliinunua kwa mshahara wake. Bei yake sokoni itakuwa ndogo, lakini hiyo msiiuze hata kidogo.

Kwa kila saa mtakayopata, andikeni karatasi leo hii: mmeipata wapi, kwa nani, mwaka gani, fundi gani ameifungua na amebadilisha nini. Karatasi hiyo iwekeni pamoja na saa, kwa mwandiko unaosomeka, maana atakayeirithi hatakuwa na wa kumuuliza.