Taka na Kutaka

Kiswahili kina neno moja lenye nyuso mbili: taka, kile kitupwacho, na taka, shina la kitenzi cha haja. Pengine ni sadfa ya sauti tu. Lakini afanyaye kazi kiwandani huuona ukweli wake kila siku: kitu huitwa taka pale asipoonekana wa kukitaka.

Fundi wa kinu cha unga hulipwa, pamoja na mengine, ili apunguze upotevu. Katika kilo 100 za ngano, takriban 75 hutoka unga mweupe. Zilizobaki, aghalabu, ni pumba. Fundi mwema hazitupi, huwauzia wafugaji. Hiyo ni kazi ya heshima, na hekima yake ni kongwe kuliko viwanda. Huko Mbulu, Wairaqw walilaza ng'ombe ndani ya nyumba, wakawalisha mabua, na samadi ikarejea shambani kwenye miteremko ya Mama Isara.

Lakini hesabu ya upotevu ianzie wapi? Kusini mwa Mbulu, katika nyanda za Basotu wilayani Hanang, Serikali kwa msaada wa Kanada ilifungua mashamba makubwa ya ngano tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mashamba hayo ya NAFCO yalifika saba, kiasi cha hekta 40,000. Machoni mwa wapangaji, ardhi hiyo ilikuwa tupu. Kwa Wabarbaig ilikuwa malisho yaliyopumzishwa kwa zamu, na humo mlikuwa na makaburi ya wazee wao. Wanakijiji wa Mulbadaw walishtaki mwaka 1981; Mahakama Kuu ikawapa haki mwaka 1984, Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu mwaka 1985.

Malisho yaliyopumzika yaliitwa tupu kama pumba ziitwavyo taka. Kosa ni lile lile: aliyetazama hakumwona mwenye haja.

Je, ni insafu kumtwika fundi mzigo wa ardhi ambayo hakuipora? La, hahukumiwi kwa asilolitenda. Ila yeye ndiye aliyefunzwa kuuliza, juu ya kila punje iangukayo, nani anaihitaji. Daftari lake huanzia kwenye mizani ya langoni. Akijua gunia limetoka katika shamba lenye mgogoro, naye akanyamaza kwa kuwa safu hiyo haimo daftarini, basi kimya hicho ni chake.