Je, Unga Uliomwagika Una Mwenyewe?



Kijana wa Gongo la Mboto aliyeajiriwa katika kiwanda cha chakula kando ya Barabara ya Nyerere aweza kuuliza: "Tajiri ana mali nyingi. Unga ukimwagika, mimi yanihusu nini?" Swali hili si la kudharauliwa, kwani mshahara wake ni mdogo na faida si yake.

Kwanza tutazame kipimo. Tuseme mashine ya kufungasha humwaga gramu 5 tu kwa kila mfuko, na kwa siku hufungwa mifuko 20,000. Hizo ni kilo 100 kila siku. Kwa siku 300 za kazi ni tani 30. Kilichoonekana vumbi kimekuwa shehena.

Pili, unga huo si wa tajiri peke yake. Ndani yake mna jasho la mkulima, maji, umeme, na riziki itokayo kwa Mwenyezi Mungu. Tajiri amelipa bei, lakini bei hainunui ruhusa ya kuharibu. Kurani Tukufu, pale pale iliporuhusu kula na kunywa, imekataza israfu, wala haikumtoa mwenye mali katika katazo hilo. Tena kitupwacho hakitoweki. Taka za Dar es Salaam hupelekwa dampo la Pugu Kinyamwezi, mbele ya Gongo la Mboto, na harufu yake huwafikia wasiopata faida yoyote ya kiwanda.

Dawa ipo. Katika Kijapani, neno "muda" maana yake ni upotevu. Mhandisi Taiichi Ohno wa Toyota alihesabu aina 7 za upotevu, na iliyo mbaya zaidi akaona ni kutengeneza kupita mahitaji. Mwaka 2013 Tanzania ilianza kushirikiana na Japani kuvifundisha viwanda njia iitwayo Kaizen, ambayo humtaka hata mfanyakazi wa chini aione kasoro na kuisema.

Lakini haki ina pande mbili. Mwajiri aliyeokoa tani 30 kwa macho ya mfanyakazi, kisha akamfukuza kazini, ameacha kutupa unga akaanza kutupa watu. Yampasa amgawie katika kilichookolewa.

Basi, ewe kijana, usiuchunge unga kwa kumwogopa msimamizi, maana yeye huenda likizo. Uchunge kwa sababu umeaminiwa. Amana haipungui uzito kwa kuwa mwenyewe ni tajiri.