Je, Mwenye Imani Anaweza Kuomba Karatasi ya Ulemavu?



Mwezi uliopita dada mmoja wa kanisa alitukuta tumekaa kwenye benchi la biro ya CNSS hapa Kolwezi, bahasha ya daktari mkononi. Alitusalimu vizuri, kisha akauliza kwa sauti ya chini: «Papa Shemasi, si ulishuhudia kwamba Mungu alikuponya?» Tulikosa jibu. Leo tunajibu mbele yenu wote, kwa sababu wengi wanajiuliza swali hilo na wanaona haya kulisema.

Kwa miaka 12 tuliendesha malori makubwa mgodini. Mwili unatikiswa tangu asubuhi mpaka jioni, na kila gurudumu likiingia shimoni, kiti kinapiga mgongo. Tangu mwaka 2018 maumivu yanatoka kiunoni na kushuka mguuni kama moto. Picha ya hospitali ilionyesha mifupa ya kiuno imekaribiana na mshipa umebanwa. Mwaka 2021 kanisa lilifunga na kutuombea siku tatu. Siku ya nne tuliamka bila maumivu. Tulisimama, tukashuhudia, tukacheza ngoma pamoja nanyi. Baada ya majuma sita maumivu yalirudi.

Hapo ndipo tulipokosea: tulinyamaza. Kila Jumapili tuliinama kubeba viti kama mtu mwenye afya. Tukifika nyumbani tulilala chini juu ya saruji, mama wa watoto akituvua viatu. Tulisema moyoni: tukikiri, jina la Mungu litatukanwa. Kumbe tulikuwa tunalinda jina letu sisi wenyewe.

Basi, kuomba karatasi inayosema «huyu hawezi tena kazi yake», je, ni kumkana Mungu anayeponya? Tukumbuke wale kumi wenye ukoma. Bwana Yesu aliwatuma waende kujionyesha kwa makuhani. Katika sheria ya Musa, kuhani ndiye aliyechunguza ngozi ya mtu na kutangaza kama ni safi au si safi. Kwa maneno ya siku hizi, yeye ndiye aliyeshika mhuri. Bwana hakuidharau biro ile, na wale kumi walipona wakiwa njiani kuiendea. Yakobo naye alipata baraka, akaondoka akichechemea. Mtume Paulo aliomba mara tatu mwiba wake utolewe, haukutolewa. Hakudanganya kwamba umetoka. Aliuandika katika barua, na makanisa yakausoma.

Wengine wanasema pensheni ya ulemavu ni kama kuomba barabarani. Si kweli. Mfanyakazi aliyeandikishwa anakatwa 5 kwa mia ya mshahara wake kwa ajili ya pensheni, na mwajiri anatoa kiasi kile kile. Utaratibu huu ulianza mwaka 1961 kwa jina la INSS, na baada ya sheria ya tarehe 15 Julai 2016 ukawa CNSS. Si wa wazee peke yao: ni pia wa mtu ambaye mwili wake umeharibika kabla ya uzee, na wa wajane na yatima. Kuvuna shamba ulilolima mwenyewe si aibu.

Lakini njia ni ndefu. Kila tukienda, karatasi moja inakosekana. Kwa hiyo tunawasihi ninyi mnaofanya kazi: chungeni karatasi zenu za mshahara kama mnavyochunga kadi ya ubatizo. Ukiumia kazini, sema siku ile ile na uhakikishe imeandikwa, kwa maana ajali ya kazi ina fungu lake, na mgongo unaouma polepole ni vigumu kuuthibitisha.

Siku ya kupimwa mtu mmoja alitunong'oneza: «Ingia ukiburuta mguu.» Siku ile mguu haukuwa mbaya. Tulimwambia daktari: leo tunatembea, juzi hatukuweza kuinuka kitandani. Anayedanganya kanisani kwamba amepona, na anayedanganya kwa daktari kwamba amelemaa zaidi, ni ndugu wa tumbo moja. Wote wawili wanashuhudia uongo.

Tena wako ndugu zetu wasio na bahasha yoyote: wachimbaji wa mikono wanaopandisha magunia ya mawe kutoka mashimoni, na wamama wanaoosha madini mtoni. Hakuna anayewalipia mchango. Mgongo wao ukikatika, hawana benchi la kungojea. Sheria ya tarehe 3 Mei 2022 inalinda haki za watu wenye ulemavu katika nchi yetu, nasi tunaishukuru, lakini sheria haisongi bukari. Mashemasi wa kwanza waliwekwa kwa sababu wajane walisahauliwa katika ugawaji wa chakula. Hiyo ndiyo kazi yetu. Mtu anayelala nyumbani na maumivu asiulizwe kwanza ni dhambi gani aliyofanya. Aulizwe kama amekula.

Dada yetu mpendwa, jibu letu ndilo hili: Mungu alitupa majuma sita bila maumivu, na kwa hayo tunamshukuru. Bado tunaomba, nanyi mtuombee. Na Jumatatu tutarudi kwenye benchi.

Amina.