WAZO LA LEO: Msitiri Mwanao

Mtoto akimwambia mzazi wake hapa Wete, "Mama, mimi navutiwa na wa jinsia yangu," mzazi hushikwa na uchungu, kisha hofu ya maneno ya watu. Hofu hiyo ina sababu: sheria ya Zanzibar huhesabu mahusiano hayo kuwa kosa, na tangu 2004 imewagusa hata wanawake. Basi msaada wa kwanza ni sitara. Siri ya mwana isifike barazani wala kwa jamaa bila ridhaa yake.

Wa pili: usimpeleke kwa waganga, wala usimwoze kwa nguvu. Shirika la Afya Duniani liliondoa hali hii katika orodha ya magonjwa mwaka 1990.

Wa tatu: usimfukuze. Utafiti wa Marekani wa 2009 uliona kuwa vijana waliokataliwa sana na familia zao walikuwa na uwezekano wa zaidi ya mara 8 wa kuwa wamejaribu kujiua kuliko wenzao.

Si lazima uwe na majibu yote leo. Mwambie tu: "Wewe ni mwanangu, na hapa ni kwenu."