Mawe Nyuma ya Tairi

Mpwa wangu amepata kazi ya udereva. Kampuni moja kubwa ya usafirishaji jijini Dar es Salaam imemkabidhi kichwa na tela, na kazi yake ni kupeleka mzigo Lubumbashi na kurudi na shaba. Jioni ya kuamkia safari yake ya kwanza alipita nyumbani kuaga. Tukanywa chai, akanionyesha kwenye simu picha za gari: kiti kinachojazwa upepo, kitanda safi nyuma yake, na juu ya kioo cha mbele kamera ndogo inayomtazama yeye mwenyewe.

"Mjomba, siku hizi huwezi kuiba hata lita moja ya mafuta," alisema kwa fahari. "Ofisini wanaona kila kitu."

Nilimwombea heri, tukaagana. Aliondoka, lakini maneno yale aliniachia.

Nami niliwahi kuwa utingo, au tandiboi kama wengi wanavyosema, kwenye barabara hiyohiyo. Wakati wetu kijana aliingilia kazi hii chini ya gari: kupiga jeki, kubadili tairi, kufunga turubai, kulala juu ya mzigo ili usiibwe. Baada ya mwaka mmoja au miwili, dereva mwenye moyo mzuri alikuachia usukani kidogo kwenye tambarare, alfajiri, barabara ikiwa tupu. Leseni ilikuja mwisho. Leo mambo yamegeuka, na ni heri yamegeuka. Mpwa wangu amesomea kazi yake Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, pale Mabibo. Ana leseni ya daraja E. Kampuni ilimpima macho, ikamjaribu barabarani, ikamfunganisha na dereva mzoefu kwa wiki kadhaa kabla ya kumwachia gari. Sitamani aanze kama nilivyoanza mimi. Wapo wenzangu walioendesha usiku kucha wakipigana na usingizi, na wengine hawakuuona uzee.

Barabara yenyewe ni mwalimu wa siku nyingi. Rhodesia ya Ian Smith ilipojitangazia uhuru Novemba 1965, Zambia ilikosa mafuta yaliyokuwa yakipitia kusini, ikageukia bandari ya Dar es Salaam. Mwaka 1966 ikaundwa kampuni ya malori ya Zambia Tanzania Road Services. Malori yalikwenda na mafuta, yakarudi na shaba, juu ya njia ya vumbi kiangazi na tope masika, hata ikaitwa njia ya jehanamu. Lami ilikuja baadaye, na reli ya TAZARA ikafuata katikati ya miaka ya 1970. Lakini shaba bado inateremka kwa malori, na vijana bado wanaanzia hapo.

Anayeanza atadhani somo la kwanza ni gia na breki. Atakutana kwanza na mizani. Pale Vigwaza gari linapanda ekseli baada ya ekseli, na sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 imeweka kikomo cha tani 56 kwa uzito wote. Ukizidisha, faini utalipa wewe au tajiri wako, ila lami inayobonyea itawasumbua watu ambao hamtaonana nao maisha yenu yote. Kisha Mikumi, kilomita hamsini hivi ndani ya hifadhi, ambako mwenye nyumba ni tembo na twiga na wewe ni mgeni. Lori linalokwenda kilomita 80 kwa saa linakula mita 22 kila sekunde. Mnyama akiingia barabarani, hesabu hiyo huipigi tena. Kisha Kitonga, ambako mwenye mzigo hupanda kwa mwendo wa mtu anayetembea, na hakuna anayeweza kumharakisha mlima.

Ukishavuka Mbeya mjini unakutana na mteremko wa Iwambi. Hapo ndipo uaminifu na uhai vinapofungwa kamba moja. Dereva wa zamani aliyetaka kuuza mafuta alihitaji kwanza kuyabakiza, na njia rahisi ilikuwa kuteremka bila gia, gari likijiendea lenyewe. Injini haishiki tena, uzito wote unaangukia breki, breki zinapata moto, na zikishapata moto sana hazishiki. Madumu machache aliyotarajia kuyauza kando ya barabara yaligeuka msiba wa watu wengi. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Nadhani hawakuwa wamefika Iwambi, lakini walijua.

Kwa hiyo siidharau kamera ya mpwa wangu, wala kifaa kinachoipelekea ofisi habari za mwendo na mafuta yake. Vimeokoa watu. Kinachonisumbua ni jambo jingine, na kulieleza itabidi nirudi kwenye usiku mmoja wa ujana wangu.

Gari liliharibika kwenye kipando, mbele ya Makambako. Tukaweka mawe manne nyuma ya matairi lisirudi, nikakata matawi nikayapanga barabarani, mbele na nyuma, kuwaonya wanaokuja. Ndivyo ilivyokuwa desturi; pembetatu za kung'aa hatukuwa nazo. Tulihangaika na gari hadi saa sita usiku, kukiwa na baridi ya kule Njombe isiyomhurumia mtu wa pwani. Injini ilipowaka nilirukia ndani.

"Mawe umetoa?" mzee, dereva wangu, aliniuliza.

"Nimetoa, mzee."

Akaondoa gari. Tulikwenda kama nusu kilomita, akasimama pembeni. Hakugomba. Aliuliza tu, "Yalikuwa mangapi?" Nikasema manne. "Umetoa mangapi?" Nilinyamaza. Akanipa tochi, akazima injini, akajifunika blanketi.

Nilitembea peke yangu kurudi. Mawe yote manne yalikuwa pale pale, katikati ya njia, meusi juu ya lami nyeusi. Niliyasukumia mtaroni moja moja, nikayakusanya na matawi. Hakuna gari lililopita wakati ule, kwa hiyo hakuna aliyeniona, na hakuna aliyejua kwamba ameokolewa. Niliporudi mzee alikuwa macho. Alisema neno moja, "Haya," tukaendelea na safari.

Kifaa cha ofisini kingeandika nini kuhusu usiku ule? Kwamba gari lilisimama saa kadhaa kwenye kipando, likaondoka, likasimama tena nusu kilomita mbele bila sababu. Pengine mzee angeitwa kujieleza kwa kusimama kule kwa pili, ambako ndiko kulikokuwa na maana kuliko kote. Mashine inahesabu lita na kilomita. Mawe haihesabu.

Ndiyo maana fahari ya mpwa wangu ilinifurahisha nusu. Asiyeiba kwa sababu anaonwa, mali imesalimika, na hilo ni jema. Yeye bado hatujamjua. Tutamjua pale ambapo hakuna kinachopotea kwa kampuni, na anayeweza kuumia ni mtu wa pikipiki anayewahi shambani alfajiri. Gari ni amana ya tajiri, mzigo ni amana ya mteja. Barabara ni amana ya nani? Ya kila atakayepita baada yako, na hao hawana ofisi ya kukupigia simu.

Haki inataka niseme pia upande wa pili. Kampuni inayodai uaminifu kwa dereva inadaiwa uaminifu vilevile. Dereva anaweza kukaa kwenye foleni ya Tunduma siku nyingi, hata baada ya kituo cha pamoja cha forodha kufunguliwa mwaka 2019, huku posho ikimwishia mfukoni. Akivuka Kasumbalesa anaingia nchi inayoendesha mkono wa kulia, na akili iliyochoka husahau haraka. Ukimhesabia dereva siku za safari kana kwamba hana macho ya kufumba, umemwachia mawe barabarani wewe mwenyewe, tena ukiwa umekaa ofisini.

Mpwa wangu amenipigia simu leo kutoka Makambako. Anasema gari ni zuri, baridi ni kali. Nilimuuliza kama ana tochi. Akacheka, akasema simu yake ina mwanga. Nikamwambia anunue tochi.

Nawe kijana unayepanda lori kwa mara ya kwanza, jifunze gia, jifunze breki, lala unapochoka. Ukisimama njiani na kuweka jiwe nyuma ya tairi, lihesabu. Na kabla hujaondoka, shuka ukalitoe.