Nusu ya Mbegu

Desemba, mvua ya kwanza ilipoinyeshea Tunduru, udongo ulinukia na kila mwenye jembe alishalishika. Bibi mmoja wa Kiyao, katika kijiji cha upande wa Mto Ruvuma, aliinua mkono uchagani juu ya meko akashusha mahindi yaliyofungwa mawili mawili kwa maganda yake, meusi kwa moshi ule unaofukuza dumuzi. Alipukuchua punje za katikati ya gunzi peke yake. Za nchani na za kitakoni zilikwenda kwenye chungu cha kande. Kisha akazigawa zile za mbegu: fungu moja la kupanda, jingine akalitia kibuyuni, akaziba kwa gunzi.

"Nusu," alisema. "Mvua ya siku hizi inapiga hodi halafu inaondoka."

Mkoa huu wa Ruvuma unamkumbuka Nduna Mkomanile, mwanamke aliyenyongwa Songea mwaka 1906 kwa kushiriki Vita vya Majimaji. Anastahili. Lakini huyu anayekataa kula alichonacho, tunamwita nani? Kuacha kibuyu kimejaa wakati wajukuu wanalala na uji mwepesi ni jambo zito kuliko hotuba nyingi nilizozisikia kuhusu tabianchi. Nami naliita uongozi, bila kusita.

Kwa Wayao mtoto ni wa ukoo wa mama, na kwa desturi mume ndiye huhamia kwa mkewe. Wanawake wa tumbo moja na watoto wao ndio mbumba. Hata hivyo msemaji wa mbumba mbele za watu ni kaka yao, mjomba. Basi mwanamke ana uzito nyumbani, ila sauti hutoka kwa mwingine. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ilijaribu kulegeza fundo hilo: Baraza la Ardhi la Kijiji lina wajumbe 7, na 3 kati yao lazima wawe wanawake. Ni hatua njema. Ila kuketi barazani si kusikilizwa. Msitu wa kando ya kijito unapojadiliwa, ukatwe upandwe ufuta au uachwe, anayejua kisima kipi hukauka kwanza ni yule anayeamka alfajiri na ndoo. Ningependa aulizwe yeye kabla ya mtu mwingine yeyote, na jibu lake liandikwe kwenye muhtasari.

Baada ya mvua ile ya kwanza, jua liliwaka wiki tatu. Miche ilijikunja, ikanyauka ilipokuwa bado haijafika magotini. Majirani waliopanda mbegu zote walianza kuulizana nani anauza.

Mvua iliporudi, bibi alizibua kibuyu. Hakumkumbusha mtu lolote. Alimmiminia mjukuu wake wa kike punje kiganjani, akapiga shimo la kwanza, akamwachia jembe.