Je, Tabia ya Mtu Yapimika?

Mizani hupima unga. Je, hupima moyo? Katika miaka ya 1950, hapa Lubumbashi, mji ulioitwa Elisabethville, kampuni ya Union Minière iliwapima akili watu waliotafuta kazi. Leo wataalamu hupima tabia kwa maswali, nao huzigawa katika mafungu matano: bidii, upole, uchangamfu, wasiwasi na kupenda mapya. Wameona kwamba mwenye bidii mara nyingi huwa mpole pia, lakini si daima. Tena mwaka 2013 wachunguzi hawakuyaona mafungu hayo matano kwa watu wa Tsimane, nchini Bolivia. Basi, mkimwona jirani mnyamavu, msimhesabu kuwa mvivu au mwenye kinyongo. Sifa moja haimwelezi mtu.